Kuweka na Kutoa

Swali la kwanza nililomuuliza lilikuwa, "Una watoto wangapi?"

Alikuwa amekaa pembeni mwa benchi, sinia tupu la ndizi amelisimamisha katikati ya miguu yake. Ilikuwa Juni 2010, asubuhi ya ile baridi ya Tunduma inayowafanya hata vijana wa kubeba mizigo mpakani wavae makoti mawili. "Sina, nesi," akajibu. Nikamuuliza umri. "Kumi na sita." Nikamuuliza kama ana mume. Akatikisa kichwa. Rejesta ya uzazi wa mpango nilikuwa nimekwisha kuifungua, nikaifunga. Nikamwambia maneno ambayo siku ile niliyaona ni ya mama kwa mwanawe: "Kijiti ni cha watu waliokwisha kuzaa, mwanangu. Wewe tulia kwanza. Au nenda kamlete mama yako, tuzungumze sote watatu."

"Haya, nesi. Asante." Akainama, akachukua sinia lake, akatoka. Hakubishana wala hakununa. Mimi nikamwita anayefuata.

Mei mwaka uliofuata nilimkuta katika chumba cha kujifungulia, usiku wa manane. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri ya jana yake. Miguu ilikuwa imevimba, kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu, presha iko juu. Gari la wagonjwa lilikuwa bado halijafika alipopata degedege; kifafa cha mimba kilikuwa kimemfikia. Tulimkimbiza Vwawa, akafanyiwa upasuaji. Alipona, na mtoto alipona, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa hilo. Siku ya tatu nilipokwenda kumjulia hali wodini, aligeuza uso taratibu, akanitazama, akasema kwa sauti ndogo: "Nilikuja, nesi."

Maneno mawili tu. Hakuyasema kwa lawama. Aliyasema kama mtu anayekukumbusha jambo akidhani labda umelisahau. Nami nilikuwa sijasahau.

Nimestaafu sasa, baada ya miaka zaidi ya 30 ya uuguzi na ukunga, sehemu kubwa nikiwa hapa mpakani. Watu huniuliza nimejifunza nini. Huwa nawasimulia makosa mawili. La kwanza ni hilo: binti aliomba kuwekewa kijiti nikakataa. La pili lilikuja miaka minane baadaye: binti mwingine aliomba kutolewa kijiti, nikakataa. Kwa muda mrefu niliyaona ni makosa mawili yanayopingana, la uoga na la ushupavu. Nilichelewa sana kutambua kwamba ni kosa moja.

Mimi ni mtoto wa Mbozi, wa nyumba ya kahawa. Mama yangu alinizaa akiwa na miaka kumi na mitano. Alipokuwa akichambua kahawa mbichi kibarazani alikuwa akiniambia, "Mimi na wewe tumekua pamoja." Nilipokuwa mdogo niliyasikia maneno hayo kama maneno ya mapenzi, na kweli yalikuwa ya mapenzi. Nilipofika chuo cha uuguzi na kujifunza nyonga ya msichana inavyokuwa kabla haijakomaa, ndipo nilipoyasikia upya. Mama alikuwa ananieleza kwamba hakupata nafasi ya kukua peke yake. Basi mtu angetarajia kwamba mimi, kuliko wote, ningemfungulia mlango yule binti wa sinia la ndizi. Sikumfungulia. Kujua jambo kwa uchungu wake hakumfanyi mtu alitende. Tabia ya kazini ina nguvu kuliko kumbukumbu ya nyumbani.

Anayeifahamu Tunduma anajua kwamba mji huu haulali. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam inafika hapa na kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, na reli ya TAZARA nayo inapita hapa hapa. Malori ya shaba yanashuka, malori ya mafuta yanapanda, na kabla ya kituo cha pamoja cha forodha kufunguliwa Oktoba 2019 foleni ilikuwa ikifika Mpemba na kupita. Ndani ya foleni hiyo kulikuwa na mji mwingine mzima: mama lishe na sufuria zao, wabadilishaji wa kwacha, wauza mahindi ya kuchoma, gesti zenye taa mchana na usiku, na mabinti wenye masinia vichwani wakitembea kati ya magurudumu yaliyowazidi kimo. Dereva anayelala siku nne barabarani ana pesa na ana upweke. Binti aliyemaliza darasa la saba na kukosa nafasi ya sekondari ana njaa na ana ndoto. Mambo hayo yakikutana hayahitaji mtu wa kuyasukuma.

Kuhusu kijiti chenyewe, nilipewa mafunzo kwenye mkono wa plastiki kabla sijagusa mkono wa mtu. Kitaalamu kinaitwa kipandikizi. Mtaani ni kijiti au njiti, na jina limekaa vizuri, maana kina urefu wa sentimita nne hivi, kama njiti ya kiberiti. Kipo cha kimoja kimoja, kilichotengenezwa kwa miaka mitatu, na vipo viwili viwili vya miaka mitano. Mteja analaza mkono asioutumia sana, unachoma ganzi upande wa ndani wa mkono wa juu, unakiingiza chini ya ngozi, unafunga bandeji. Hakuna nyuzi. Ukiwa na mkono mwepesi unamaliza kabla chai haijapoa. Kikishakaa kinatoa homoni kidogo kidogo, yai halipevuki, na ute wa mlango wa kizazi unakuwa mzito, mbegu haipiti. Katika wanawake 1,000 wanaokitumia kwa mwaka, anayeshika mimba ni mmoja au hakuna kabisa. Kwa vidonge, jinsi watu wanavyovimeza katika maisha ya kweli, ni saba katika kila 100. Kwa sindano ya miezi mitatu ni wanne. Kwa kondomu ya kiume ni kumi na watatu.

Tofauti hiyo haitokani na ubora wa dawa peke yake. Inatokana na maisha. Kidonge kinataka binti akikumbuke kila siku, akifiche mahali, na asiishiwe. Hebu fikiria binti anayelala chumba kimoja na wadogo zake watatu, ambaye begi lake hupekuliwa na mama kila Jumamosi. Sindano inataka arudi kliniki kila miezi mitatu, akae tena kwenye benchi lile lile. Kijiti kinataka ujasiri wa siku moja. Na siku akikitoa, uwezo wake wa kushika mimba unarudi bila kukawia, wakati aliyekuwa anachoma sindano anaweza kusubiri miezi mingi. Kitanzi nacho ni hivyo hivyo: kile cha shaba kinalinda miaka kumi na zaidi, na kinapotolewa uzazi unarudi. Shirika la Afya Duniani halikuweka umri wala kutokuzaa kuwa sababu ya kumnyima mtu kijiti, na kitanzi kwa aliye chini ya miaka 20 faida zake zinazidi hasara. Mwongozo wetu wa taifa ulisema mapema kwamba kijana ana haki ya huduma hizi hata kama hajaolewa, hata kama hajazaa. Karatasi hiyo ilikuwa kwenye droo ya meza yangu siku ile niliyofunga rejesta.

Kwa nini basi nilikataa? Nimejiuliza mara nyingi. Sehemu moja ilikuwa maneno ya mtaani, ambayo hata sisi wauguzi tulikuwa tumeyameza nusu: kwamba kijiti kinatembea mpaka kwenye moyo, kwamba damu isiyotoka inaganda tumboni ikawa uvimbe, kwamba msichana asiyezaa akiwekewa kizazi chake kinalala na hakiamki tena. Kijiti kilichowekwa sawasawa kinakaa palepale. Unakipapasa kwa kidole. Damu ya mwezi ikikosekana haijajificha popote. Ukuta wa kizazi haukujengeka, basi hakuna cha kumwaga. Haya nilikuwa nayajua. Lakini kujua kwa kichwa ni kitu kimoja, na kumwekea mtoto wa mtu huku ukiwaza akija kukosa mtoto baadaye utamwambia nini mama yake, ni kitu kingine.

Sehemu ya pili ilikuwa aibu, na hapa pana jambo. Wakunga tunapenda kusema kwamba mficha uchi hazai. Tunamwambia hivyo mama anayeona haya kujifunua wakati wa uchungu. Kwa mabinti wa Tunduma nimeishuhudia methali hii ikigeuka: aliyeficha ndiye aliyezaa. Benchi letu lilikuwa moja. Wajawazito, wenye watoto wa kupimwa uzito na waliofuata uzazi wa mpango walikaa pamoja. Binti anayeinuka kuelekea chumba fulani, benchi zima limekwisha kumsoma, na jioni habari ziko nyumbani kwao kabla yeye hajafika. Yule wa ndizi alikuwa amevuka macho yote hayo. Alipofika kwangu nikamwambia arudi akayavuke tena, safari hii akiwa na mama yake mkononi.

Na tazama sheria zilivyokuwa zimepishana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Julai 2016 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Lakini fikiria miaka yote ile niliyokaa kwenye kile chumba: binti wa miaka 15 akiletwa na mume mwenye miaka 30, nilimwandika kwenye rejesta bila kumuuliza mzazi wake yuko wapi. Akija peke yake kuomba asizae bado, nilimrudisha. Tulikuwa tumekubaliana, bila mtu kusema, kwamba anatosha kuwa mke na hatoshi kuwa mwenye mwili wake.

Baada ya yale maneno mawili ya wodini nilibadilika. Yule binti nilimwekea kijiti mwenyewe mtoto alipotimiza wiki sita, yeye akitaka, na huyo mtoto sasa ni mwanafunzi wa sekondari. Niliacha kuuliza idadi ya watoto. Niliomba tupewe chumba cha nyuma chenye mlango wake, na tukatenga saa za jioni kwa vijana, wakati kliniki ya akina mama imekwisha. Wakati nao ulitusaidia. Julai 2012 ulifanyika mkutano mkubwa wa uzazi wa mpango London, na Rais Kikwete alihudhuria. Baada yake watengenezaji walishusha bei ya vijiti kwa nchi kama yetu kwa karibu nusu, hadi kama dola 8.50. Sisi wa chini tuliona matokeo kwenye kabati: vijiti ambavyo zamani vilikuja kwa msimu kama embe, vikaanza kuwepo. Kwa mteja vilikuwa bure, na mabinti wakaanza kuja.

Nikawa hodari, na hodari huyo ndiye aliyefanya kosa la pili.

Kila mwezi nilijaza idadi ya waliowekewa. Idadi ikipanda tulipongezwa, nami nilipenda kupongezwa. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza ni wangapi waliokuja kutoa, na ni wangapi kati yao niliowarudisha. Mimi mwenyewe sikujiuliza. Kila kijiti kilichokuwa ndani ya mkono wa binti nilikihesabu kuwa mimba moja niliyoikinga, kitanda kimoja cha Vwawa ambacho hakitalaliwa. Anayetaka kukitoa nilimwona kama anayetaka kubomoa ukuta nilioujenga.

Mwaka 2018 alikuja binti wa miaka 18, muuza mitumba, aliyekaa na kijiti miezi minane. "Nesi, shikamoo. Naomba unitolee." Nikamuuliza kwa nini. Alisema damu. Haikuwa nyingi, lakini haikuisha: matone leo, kesho, keshokutwa, siku ya arobaini sasa. Nikamwambia ni kawaida, itakata, avumilie. Bado kilikuwa na zaidi ya miaka miwili. Nikampa vidonge vya maumivu, nikamsindikiza mlangoni. Alirudi baada ya wiki mbili, nikamjibu vilevile, nikaongeza na neno ambalo nalijutia: "Au unataka ukazae?"

Sikumuuliza siku arobaini za matone zinafananaje kwa mtu asiye na pesa ya pedi. Alinieleza baadaye, nilipokuwa tayari kusikiliza. Alikuwa akichana kanga moja vipande, anafua usiku, anaanika ndani ili majirani wasione. Alikuwa ameacha kuimba kwaya kwa kuhofia kuchafua sare mbele ya kanisa zima. Mwenzake alikuwa ameanza kulala kwingine, akimwambia ana ugonjwa. Kwangu ilikuwa "damu kidogo, kawaida". Kwake ilikuwa kanisa, nyumba na usingizi.

Mara ya tatu hakuja kuomba. Alikuja na mkono umefungwa kitenge, mchana wa jua kali. Nilipokifungua niliona usaha. Rafiki yake alikuwa amempasua kwa wembe, akavuta, kijiti kikakatika, nusu ikabaki ndani. Nilisafisha, nikatoa kile kipande, nikampa dawa za kuua vijidudu na sindano ya pepopunda. Alikuwa anatetemeka, nami nilikuwa natetemeka. Hakusema kitu. Sikuhitaji aseme, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuyasikia: nilikuja, nesi.

Kidonda kilipona kikaacha kovu. Lakini jambo jingine halikupona haraka. Kwa miezi kadhaa hakuna binti hata mmoja wa mtaa wao aliyekanyaga kwetu. Nilimtuma mhudumu wa afya wa mtaa akasikilize kuna nini. Alirudi na sentensi moja iliyokuwa inazunguka kule: "Pale wanajua kuweka, hawajui kutoa."

Nililala nayo sentensi hiyo usiku mwingi, na ndani yake nikaona kile nilichokuwa sikioni. Sifa kubwa ya kijiti ndiyo hatari yake. Kidonge, binti anakiacha mwenyewe asubuhi yoyote. Sindano, inakwisha yenyewe akikaa kimya. Kijiti hakihitaji akikumbuke, lakini hawezi kukiacha bila mkono wa mtu mwingine. Mtu huyo akikataa, anakuwa amejitwalia kizazi cha mwenzake kwa miaka mitatu au mitano. Haijalishi anakataa kwa upole au kwa ukali, na haijalishi anamtakia mema. Nilipomkatalia yule wa ndizi nilimwamulia. Nilipomkatalia huyu wa mitumba nilimwamulia. Ndiyo maana nasema kosa ni moja.

Na dunia imepitia mambo haya. Vipandikizi vya kwanza, Norplant, vilikuwa vijiti sita, na Finland iliviidhinisha mwaka 1983. Vilipoingia Marekani, haukupita muda, Januari 1991 jaji mmoja wa California alimpa mwanamke aliyepatikana na hatia ya kuwapiga watoto wake sharti la kuwekewa vijiti hivyo. Chombo kilichobuniwa kumpa mwanamke hiari kikageuzwa kuwa sehemu ya adhabu. Kwa upande mwingine, katika nchi hiyo hiyo, mjini St. Louis, utafiti ulioanza mwaka 2007 uliwapa maelfu ya wanawake njia yoyote waitakayo bila malipo, wakaelezwa zote, na wakaruhusiwa kubadili. Kati ya wasichana 1,404 wa miaka 15 hadi 19, 72 katika kila 100 walichagua kijiti au kitanzi wenyewe. Mimba zao zilikuwa 34 kwa kila wasichana 1,000 kwa mwaka, wakati kwa wenzao wa nchi nzima wanaofanya mapenzi zilikaribia 159. St. Louis si Tunduma. Wao wana maabara na lifti, sisi tuna ndoo ya klorini na tochi. Lakini ninachokiona pale ni kile nilichofunzwa kwa wembe: mabinti walikubali kijiti wakijua kwamba mlango wa kutokea uko wazi.

Mwaka 2023, nikiwa nafungasha vitu vyangu vya ofisini, ndipo tuliposikia matokeo ya utafiti wa taifa wa afya uliofanyika mwaka 2022. Katika Tanzania nzima, wasichana 22 kati ya 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata ujauzito. Songwe walikuwa 45. Tulikuwa wa kwanza nchini. Mkoa wetu, uliokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ulikuwa bado kijana mwenyewe, na sifa hiyo ndiyo uliyoipata. Chukua darasa lenye mabinti 20 wa umri huo, ukahesabu tisa. Nilikaa kimya muda mrefu, nikiwaza kwamba baadhi ya hao tisa walipita kwenye benchi langu.

Watu wakasema: ni madereva, ni mpaka. Mpaka una sehemu yake, sikatai. Lakini rejesta yangu haikusema hivyo peke yake. Wengi niliowazalisha wakiwa wadogo walitoka vijiji vya ndani vya mahindi na kahawa, Momba na Mbozi, ambako lori halipiti. Walikuwa wake za watu, au wapenzi wa vijana wa bodaboda, wa mwalimu wa tuisheni, wa mjomba wa jirani. Waliokuwa shuleni walipoteza na shule pia: tangu mwaka 2017 serikali ilipotamka kwamba aliyezaa harudi darasani, hadi Novemba 2021 iliporuhusu warudi, mimba moja ilikuwa hukumu ya maisha. Kulaumu lori ni rahisi, maana lori kesho linaondoka. Wengi wa wanaume hao wengine hawaendi popote; tunasalimiana nao.

Nisije nikaeleweka kwamba kijiti ni dawa ya yote. Hakizuii Ukimwi wala kaswende, na katika mji wetu hilo si dogo. Kila niliyemwekea nilimpa na kondomu, nikamweleza kwamba hivi ni vitu viwili kwa hatari mbili. Wala hakimlindi binti na mwanaume anayemuumiza. Siku moja mama mmoja alimleta mtoto wa miaka 14, akasema ni shangazi yake, na anataka mtoto awekewe kijiti "kwa usalama". Nilimwomba shangazi atusubiri nje. Mtoto alikaa kimya, kisha akalia. Kulikuwa na mtu mzima aliyekuwa akilipa kodi ya nyumba ile. Kama ningeweka kijiti na kujaza fomu, ningekuwa nimemsaidia yule mtu aendelee bila ushahidi. Siku hiyo tulianzia dawati la jinsia na watoto la polisi. Yule shangazi naye, kama mimi, alikuwa amemwamulia.

Nikialikwa kuzungumza na wauguzi vijana siku hizi, sianzi na ganzi wala na pembe ya sindano. Hayo wanayajua kunizidi. Nawaambia waangalie swali lao la kwanza. "Una watoto wangapi?" linafunga. "Umeolewa?" linafunga. "Karibu, nikusaidie nini?" linafungua. Kisha wamweleze njia zote, siyo ile tu iliyojaa kabatini. Wamweleze mapema, kwa maneno ya kawaida, kwamba damu inaweza kuja ovyo ovyo, au ikatoweka, au kichwa kikauma, na kwamba akisumbuka zipo dawa za kujaribu. Na kabla hajafungwa bandeji siku ile ya kwanza awe amekwisha kusikia: "Siku ukitaka kutoa, njoo. Nitakuuliza kama kuna la kukusaidia. Ukisema hapana, natoa." Kusema hivyo hakupotezi mteja. Sina njia ya kulithibitisha ila kwa hadithi moja.

Miezi michache kabla ya kustaafu, jioni ya saa za vijana, alikuja binti aliyekuwa na kijiti mwaka mmoja na nusu. Akataka kitoke. Nikamuuliza kama ana tatizo ninaloweza kumsaidia. Akasema hapana, nimeamua tu. Nilihisi ule ukuta wangu wa zamani ukiinuka kifuani. Sitaki kudanganya, ulikuwa bado upo. Nikanawa mikono. Ganzi, mkato mdogo, kikatoka kizima, cheupe, nikamwonyesha. Nikamfunga bandeji, nikampa kondomu, nikamwambia njia nyingine zipo siku akitaka. Alikaa pale kitandani akiusugua mkono.

"Hunigombezi, mama?" akauliza.

"Nikugombeze kwa lipi, mwanangu?"

Akacheka kidogo, akaenda. Hakurudi, na sijui maisha yake yalikwendaje. Hayakuwa yangu kuyajua. Lakini wiki iliyofuata, jioni kama ile, walikuja wanne kwa pamoja. Walikuwa wa mtaa ule ule wa muuza mitumba, mtaa ulioninyamazia miezi yote ile. Walisimama mlangoni wakisukumana, kila mmoja akimtanguliza mwenzake, mpaka mrefu wao akajipa moyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, niwasaidie nini?"

Hakujibu swali langu. Aliuliza la kwake kwanza.

"Eti ni wewe ndiye nesi anayetoa?"

Nikawaambia ndiye mimi. Wakaingia.